Ukurasa Mmoja, Pamoja na Mwisho

Mahakamani walimwita Nukta. Jina hilo alibandikwa na hakimu mmoja mzee aliyechoshwa na mawakili wa kupiga domo, ambaye siku moja alisema mbele ya watu kwamba katika jengo lile zima mtu pekee anayejua mahali pa kuweka nukta ni mpiga chapa wake. Jina likamganda. Kwa miaka thelathini na mmoja mwanamke huyo alikaa mbele ya meza ya hakimu, upande wa kushoto, akichapa uongo wa watu neno kwa neno. Aliujua uongo wa kila aina: wa machozi, wa kiapo, wa kujitia kusahau, na wa kuugua ghafla dakika tano kabla ya kuhojiwa. Alipostaafu alitoka na macho mabovu, mgongo uliopinda kidogo, na dharau isiyo na kifani kwa yeyote anayetumia maneno kumi mahali pa matatu.

Ndiyo maana waliomfahamu walishika vinywa waliposikia ameandika riwaya ya kurasa mia nne na kumi na mbili.

Aliiandika kwa miaka sita kwenye meza ya kulia, katika nyumba aliyoishi na mdogo wake wa kike, fundi cherehani. Mdogo mtu alishona sebuleni, dada mtu akachapa mezani, na kutwa nzima nyumba haikuwa na sauti nyingine ila cherehani na vidole. Wateja waliokuja kupimwa walidhani yule dada bado anafanya kazi za serikali. Mdogo mtu hakuwasahihisha, maana kusema "dada anaandika hadithi" kulimtia haya kidogo.

Kisa chenyewe kilitokana na jambo la kweli. Katika mwaka wa pili wa Nukta kazini, mwanamke mmoja alisimama kwenye kizimba cha mashahidi akaulizwa mara tatu mumewe alikuwa wapi jioni ya tukio. Mara zote tatu akafunga mdomo. Hakimu alingoja, akashusha pumzi, akamwambia mpiga chapa wake mpya: "Andika, shahidi amenyamaza." Akaandika. Mume akafungwa. Maneno yale mawili yakamkaa Nukta kooni kama mwiba wa samaki, na baada ya kustaafu akaamua kuutoa. Katika riwaya yake mume ni fundi saa aliyesingiziwa kuchoma duka la mshindani wake, na mke ndiye shahidi pekee anayeweza kumwokoa.

Alipomaliza, aliifunga riwaya kwa uzi kama jalada la kesi, akaibeba mwenyewe hadi ofisi ya wachapishaji. Karani wa mapokezi hakuigusa. Alimsukumia karatasi ya maelekezo kupitia kitundu cha kioo.

"Sura tatu za mwanzo, mama, na muhtasari wa ukurasa mmoja. Kisa chote, pamoja na mwisho."

"Ukurasa mmoja?"

"Mmoja."

"Riwaya yangu ina kurasa mia nne na ushei."

"Kuna aliyeleta ya mia nane," karani alisema bila kuinua macho. "Naye tulimwambia mmoja."

Nukta alisonya njia nzima. Nyumbani alitupa lile furushi mezani, nusura aangushe vibweta vya nyuzi.

"Wanataka mifupa," alimwambia mdogo wake. "Nimekaa miaka sita navisha mifupa nyama, leo wanataka mifupa mitupu. Nyama nimpe nani?"

"Si uwape tu mifupa wanayoitaka," mdogo wake alijibu, pini zikiwa mdomoni.

"Wewe shona."

Siku chache baadaye aliona tangazo la mtu aliyejiita Mkufunzi limebandikwa kwenye mlango wa duka la dawa: semina ya siku moja, Jumamosi, ghorofa ya juu, "Muhtasari Unaouza." Mkufunzi huyo hakuwahi kutoa riwaya hata moja. Alikuwa ametoa kijitabu chembamba cha maneno ya kutia watu moyo, na kwa kijitabu hicho akajipa cheo. Jumamosi hiyo alivaa koti lililombana mabegani, akatembea mbele ya viti vya plastiki kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha. Kushoto kwa Nukta alikaa ofisa mstaafu wa benki aliyekuwa akiandika maisha yake mwenyewe katika majuzuu matano. Hadi siku hiyo alikuwa amefika darasa la tatu. Kulia kwake alikaa kijana mwenye miwani ya jua, ambaye hakuwa ameanza kuandika riwaya lakini muhtasari alikuwa nao tayari.

"Muhtasari ni chambo, jamani!" Mkufunzi alipaza sauti. "Ukiwapa mwisho, riwaya wataisoma ya nini? Waache na swali. Waache wanahema!"

Ofisa wa benki akaandika: *wanahema*.

Nukta akanyoosha mkono. "Karatasi yao imesema pamoja na mwisho."

"Mama yangu," Mkufunzi alisema kwa huruma ya mtu anayemwelekeza mgonjwa choo kilipo, "hayo huandikwa tu. Wanakupima ujasiri."

Mahakamani, shahidi aliyetamka upuuzi wa namna hiyo angechekwa hata na askari wa mlangoni. Nukta alijua fika kwamba yule bwana anawauzia upepo. Ajabu ni kwamba aliununua. Kuna kitu ndani yake kilichofurahi kuambiwa kwamba mwisho haudaiwi, na yeye, aliyezoea kuchungulia sababu za watu wengine, hakuichungulia hiyo yake. Siku tatu baadaye alikuwa amechapa ukurasa ulioanza na "Katika safari ya kusisimua inayogusa nyoyo, mwanamke mmoja anabeba siri nzito," na kuishia na "Je, atafumbua kinywa? Je, haki itatendeka?" Aliusoma huku amekunja pua. Kisha akautia kwenye bahasha pamoja na sura zake tatu, akaupeleka.

Jibu lilikuja baada ya wiki nne. Aliifungua barua pale pale getini. Ilikuwa na sentensi mbili.

"Tuliomba mwisho, tumepewa maswali. Tafadhali soma maelekezo."

Damu ikampanda kichwani. Soma maelekezo! Yeye, aliyerekebisha sarufi ya mawakili waliosoma ng'ambo! Yeye, ambaye majalada yake yalipelekwa mahakama ya juu bila kurudishwa hata kwa koma! Aliingia ndani akampigia Mkufunzi simu kabla hajavua viatu.

"Wamekujibu?" Mkufunzi alishangilia. "Hongera, mama! Wengi hawajibiwi kabisa. Sasa unajua, kuna semina ya pili, ya walioendelea kidogo..."

Nukta akakata simu. Akaitazama kama kitu kilichotoka kwenye shimo la maji machafu.

Asubuhi iliyofuata aliketi mezani mapema, amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kupigana. Kama wanataka kisa na mwisho, atawapa kisa na mwisho, kwa namna alivyowaandalia mahakimu muhtasari wa kesi: nani, alifanya nini, nani aliona, ikawaje. Hakuna safari, hakuna nyoyo. Akaanza kuchapa, na maneno yakaja moja baada ya jingine kama yanayoitwa kwa majina. Fundi saa ana duka. Anapata mshindani ng'ambo ya barabara. Wanagombana mbele ya watu. Duka la mshindani linaungua saa kumi na moja jioni. Fundi saa anakamatwa, anakana. Mkewe anaitwa. Anaulizwa mara tatu mumewe alikuwa wapi. Ananyamaza, kwa sababu

Vidole vikasimama.

Kwa sababu gani? Alijaribu "kwa upendo", akafuta. Mke gani humpeleka mumewe jela miaka saba kwa upendo? Akaweka "kwa hofu". Hofu ya nani? Aliyechoma duka hakujulikana, na hakuna aliyemtishia. Akaweka "kwa aibu", akalitazama neno hilo mpaka likapoteza maana. Akafungua riwaya yake kutafuta alichokuwa amesema huko. Ukurasa wa mia tatu thelathini na saba: "Alinyamaza kwa sababu alizozijua yeye mwenyewe na Muumba wake."

Hiyo ndiyo sentensi aliyojivunia kuliko zote. Alipoiandika alitoka nje kupunga upepo, akijiona amefikia mahali ambapo wengine hawafiki. Sasa aliisoma kwa macho ya mahakamani, na uso ukamwiva. Shahidi angesema hivyo, wakili mvivu kuliko wote angeamka usingizini kumrukia. Kurasa mia nne na kumi na mbili, na ndani yake mwandishi alikuwa amejificha nyuma ya Muumba ili asiulizwe swali. Mkufunzi na chambo chake alikuwa na afadhali, maana yeye alidanganya kwa semina ya siku moja. Nukta alidanganya kwa miaka sita.

Saa nne ilipofika alikuwa bado kwenye neno lile lile. Cherehani ikanyamaza.

"Mbona leo huchapi?" mdogo wake aliuliza.

"Nimekwama."

"Wapi?"

Hakuwa na desturi ya kumweleza mdogo wake mambo ya kitabu. Alimpenda, lakini kwa fikra zake mtu ambaye maisha yake yote ni pindo na vifungo angesema nini juu ya riwaya? Siku hiyo alikuwa amechoka, akaeleza. Mdogo wake alisikiliza huku anavuta uzi kwenye tundu la sindano.

"Sasa huyo fundi saa, kama hakuchoma duka, alikuwa wapi?"

"Nani?"

"Si huyo mume. Saa kumi na moja jioni alikuwa wapi?"

Nukta akaipekua riwaya. Hakujua. Alijua idadi ya saa zilizotundikwa kwenye ukuta wa lile duka, na rangi ya kila moja. Mahali alipokuwa yule mtu jioni ya moto hakuwahi kupafikiria, kwa sababu mwanamke wa mwaka ule wa pili hakusema, na yeye akaridhika.

"Mkewe anajua," alisema kwa unyonge.

"Anajua, ndiyo. Na mimi najua pia." Mdogo wake alichomeka sindano kwenye mto wake. "Alikuwa kwa mwanamke."

"Hayo ni ya kukisia tu."

"Sikisii, dada. Mwaka ule shemeji yako alipokamatwa kwa jenereta ya hospitali, waliniuliza alikuwa wapi siku ilipoibwa. Nikasema sijui. Nilijua. Alikuwa kwa yule muuza dawa za nywele, tangu saa nane mchana mpaka jua linazama. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Nilivijua kwa kisigino, maana mimi ndiye niliyevipeleka kwa fundi wiki ile. Nilisimama ng'ambo ya njia nikavitazama mpaka miguu ikafa ganzi."

Nukta akashika ukingo wa meza. Shemeji yule alikula mwaka mmoja na nusu gerezani. Kesi iliendeshwa katika mji mwingine, mbele ya hakimu mwingine, lakini yeye alisafiri kwenda kumliwaza mdogo wake, akakaa naye wiki mbili.

"Ungesema, angeachiwa."

"Angeachiwa, akarudi kule kule kuvua viatu."

"Na miaka yote hii ukanificha mimi!"

"Hukuniuliza alikuwa wapi." Sauti ya mdogo mtu haikupanda wala kushuka. "Ulikuja na mabegi yako, ukanikumbatia, ukasema pole mdogo wangu, mumeo ameonewa. Ukanipikia uji. Ungeniuliza ningekwambia, nilikuwa na hamu mtu aniulize. Hukuuliza. Watu wote walinihurumia, hakuna aliyeuliza."

Mteja alibisha hodi, mama mmoja aliyefuata sare za wanawe. Mdogo mtu akainuka kumhudumia, akacheka naye kama kawaida, akamkunjia nguo kwenye gazeti. Nukta alibaki pale alipo. Aliyejidai kunusa uongo kabla shahidi hajafungua kinywa alikuwa amelala wiki mbili kitanda kimoja na ukweli huo, asiunuse. Dharau aliyokuwa akiigawa kila upande, kwa karani, kwa Mkufunzi, kwa yule wa majuzuu matano, ilirudi nyumbani asubuhi ile, na hakuwa na mlango wa kuifungia nje.

Mteja alipoondoka, aliuliza, "Nikikiandika kisa hiki, utanichukia?"

Mdogo wake akafikiri. "Majina umebadilisha?"

"Hakuna majina yetu humo."

"Basi andika. Ila nisome kwanza."

Haikuchukua hata saa moja. Ukurasa ulikwisha na nafasi ikabaki chini. Mke anajua mumewe yuko kwa mwanamke mwingine. Akisema, mume anatoka jela na kurudi huko. Akinyamaza, mume anafungwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na yeye peke yake ndiye atakayejua anaadhibiwa kwa lipi. Ananyamaza. Anarudi nyumbani, anaanguka kitandani, analia.

Mdogo mtu aliusoma amesimama, utepe wa kupimia shingoni, midomo ikitembea.

"Ndivyo," alisema. "Ila sikulia."

"Hii ni riwaya."

"Basi huyo wako alie. Lakini atakuwa mwongo."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilipika, nikala, nikalala. Nililala vizuri sana siku ile. Hicho ndicho kilichonitisha baadaye, si kingine."

Nukta akafuta kilio. Akaandika: "Anarudi nyumbani, anapika, anakula, analala." Akaweka nukta.

Ukurasa ukawa tayari, ila sasa riwaya ndiyo haikufanana nao. Ilimbidi aivunje. Kwa miezi mitano alifumua kama anavyofumua mdogo wake nguo iliyokatwa vibaya. Zilikwenda kurasa tisini za mbalamwezi na moyo kudunda, na mazungumzo ya wazee watatu waliokuwa wakitoa hekima bila kuombwa. Ukurasa wa mia tatu thelathini na saba aliuchana kwa mikono, akauwashia jiko. Fundi saa akapata mwanamke, mwanamke akapata nyumba, nyumba ikapata mlango. Ilipokwisha, akapeleka sura tatu na ukurasa mmoja kwa karani yule yule, ambaye hakumkumbuka.

Baada ya wiki saba mhariri akampigia simu, akitaka mswada wote. Na wiki sita baadaye akamwita ofisini. Chumba kilijaa miswada hadi kwenye viti, na mhariri, mwanamume wa makamo mwenye wino kwenye kola, alilazimika kuhamisha rundo zima ili mgeni apate pa kukaa.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa vurugu."

"Marahaba. Naona mna kazi."

"Mihtasari arobaini kwa wiki. Thelathini na tisa inaniuliza maswali. Je, atampata? Je, atapona? Mimi nijue wapi? Nawauliza wao, wananiuliza mimi." Akagonga ukurasa wa Nukta kwa kidole. "Huu ulinijibu. Ndiyo maana nikataka kusoma."

Sifa Nukta alizoea kuzisikia zikitolewa kabla ya ombi, na ombi halikukawia.

"Tungependa kukitoa," mhariri aliendelea. "Ila wenzangu wa mauzo wanaona mwisho ni mkavu. Wanapendekeza atubu. Amtembelee mumewe gerezani, alie kidogo, waelewane. Wasomaji wanapenda toba."

"Hao wenzako wamewahi kuingia mahakamani?"

"Sidhani."

"Toba nimeichapa miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Huja hukumu ikishatolewa, kabla ya kutajwa kifungo, na huja mbio. Mtu hutubu ili apunguziwe. Huyu mama nani amemhukumu? Atubu apunguziwe nini?"

Mhariri akajikuna kidevu. Akacheka peke yake, kisha akaandika neno *usiguswe* pembeni mwa karatasi na kulipigia mstari. "Nitawaambia mwandishi amekataa."

"Waambie hivyo hivyo. Usiongeze."

Wenzake wa mauzo walinuna majuma mawili, kisha wakanyamaza, wakatia saini. Habari zikamfikia Mkufunzi, sijui kwa njia gani, akapiga simu kumkumbusha kwamba chambo hufanya kazi, na kumwomba picha yake kwa ajili ya tangazo la semina. Nukta alimjibu kwamba picha hana, ila kama anataka barua ile ya sentensi mbili ambayo muhtasari wa chambo uliipata, anaweza kumtolea nakala aibandike pale kwenye duka la dawa. Mkufunzi akasema mtandao unakatika.

Siku aliyorudi na nakala yake ya mkataba, mdogo wake alikuwa amepiga magoti sakafuni, akikata kitambaa cha gauni refu.

"Vipi?"

"Kitatoka mwakani."

"Na yule mwanamke?"

"Yuko vile vile."

Mdogo mtu akaitikia kwa kichwa na kuendelea na mkasi. Nukta alivua viatu, akaweka bahasha juu ya kabati. Alitaka kwenda jikoni, akageuka.

"Shemeji alipokuwa ndani, ile miezi yote," alisema, "wewe ulikuwaje?"

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Unauliza ili uandike?"

"Hapana."

Mdogo wake akamtazama kama anayempima kwa macho bila utepe. Kisha akasogeza kitambaa, akamfanyia nafasi sakafuni.

"Basi keti," alisema. "Maana ni habari ndefu."